Sauti Aliyoitaka Ami Seif

Nyinyi mlioingia kazini mkakuta mashine inasema Kiswahili na sheria imeshachapishwa, kila mkinikuta mnaniuliza nilikuwa nikifanya nini khasa pale hospitali. Mkisikia "afisa wa ulinzi wa data" mnadhani nilikuwa nimesimama mlangoni na rungu. Basi leo nitawaeleza, lakini kwa mpango wangu. Mie kuhadithia kwa kupanga miaka sijui. Kinachonijia mdomoni ndicho mtakachokisikia.

Jambo la mwanzo mlijue: majina yote humu nimeyabadilisha. Na mengine pia nimeyageuza, sitasema yepi. Huyu nimemhamisha mtaa, yule nimempa kazi ambayo hakuifanya. Kwa hiyo jamaa zangu wa Al Amerat, hapa Maskati, mkishasoma hapa mkaanza kupigiana simu, "huyu si fulani huyu," mtamaliza salio bure. Ndiyo kazi niliyoifanya umri wangu wote, na kustaafu hakujanitoa tabia.

Ninachotaka kuwaeleza khasa ni khabari ya mzee mmoja, nitamwita Ami Seif. Alikuja ofisini kwangu kutaka sauti ya mkewe aliyefariki. Sauti tulikuwa nayo. Ningetaka, ningempa siku ile ile, na ilikuwa imebakia muda mdogo ifutwe. Mpaka leo nikiwa jikoni, nikiwa ndani ya gari, nikiwa nimekaa tu sina kazi, humfikiria yeye na sauti ile. Lakini tutafika huko, msinikimbize.

Mie nilianzia chumba cha mafaili, zama za karatasi, chini ya mtu nitakayemwita Mzee Nassor, Mungu amrehemu. Kazaliwa Unguja kama mie, akafika Maskati kabla yangu, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kwetu, cha kusema taratibu na kulimaliza neno. Siku hizi nnakitafuta sikipati. Mzee Nassor hakuwa na sheria ya data. Alikuwa na adabu, basi. Faili ukilibeba, jina linaelekea kifuani kwako. Mtu akiingia chumbani, faili lililo mezani unaligeuza kifudifudi, hata kama aliyeingia ni daktari mkuu. Na ukikutana na mgonjwa nje ya hospitali, wewe humjui mpaka yeye akujue.

Hilo la mwisho ndilo lililotutesa. Mnazijua salamu zetu. Hujambo, u hali gani, watoto hawajambo, na yule mgonjwa wenu anaendeleaje. Kwetu sisi mtu asipoulizia afya hajasalimia bado. Sasa siku moja mwenzangu wa chumba cha mafaili kaenda harusini mtaa wa Qurum, kamwona mama mmoja wa watu, akamuuliza kwa mapenzi tu, "Umeshapoa lakini?" Wanawake wote waliokaa pale wakamgeukia yule mama. "Kwani ulikuwa ukiumwa?" Alikuwa hajamwambia mtu, hata dada yake aliyekaa ubavuni. Nikah ikasahauliwa, watu wakaanza kuuliza anaumwa nini. Mzee Nassor alipopata khabari hakupandisha sauti. Alituita akasema, "Kuanzia leo salamu zenu ziishie kwenye hujambo. Mengine waachieni watu wasiofanya kazi hapa."

Nikalishika neno lile. Miaka yote mie nikawa mtu wa hujambo tu. Mtaani wakasema Asya ana maringo, Asya kazi imempanda kichwani. Sikuweza kuwaambia kwamba nusu yao nawajua mpaka kundi la damu, ndiyo maana siwaulizi. Nyinyi mnapenda kuuliza kazi hii inalipa nini. Mimi nawaambia imenitoa nini: imenitoa salamu ndefu, na wallahi nnazitamani.

Karatasi zikaenda, zikaja kompyuta. Halafu ikaja sheria ya ulinzi wa data binafsi, nikapelekwa mafunzo, nikarudi na cheo kirefu kisichoingia kwenye kitambulisho. Ukiifungua ile sheria utaona kila alichosema Mzee Nassor kimo, ila kimevaa suti. Halafu ndo ikaja hii mnayoiita akili mnemba.

Hospitali ilitaka mashine ya kupokea simu. Mtu anapiga, anaeleza kinachomsumbua, mashine inamwelewa na kumpangia daktari. Kwa vijana ilikwenda vizuri. Kwa wazee wetu waliohamia kutoka Unguja ilikuwa balaa. Wazee wetu hawasemi lugha moja. "Nnaumwa na goti, min ams halikunjiki, hata sala nnasali kitini." Min ams ni Kiarabu, tangu jana, na mashine ya mwanzo ililielewa neno goti peke yake. Ikawa kila anayesema goti anapelekwa kwa daktari wa mifupa, pamoja na bibi mmoja mgonjwa wa macho aliyesema, "Mwanangu nakupigia magoti, nipatie miadi." Bibi yule akapigwa picha za magoti yote mawili, akarudi nyumbani haoni vile vile.

Ikabidi mashine ifundishwe, na kufundishwa kwake ni kusikilizishwa sauti za wazee wenyewe, saa na saa. Fundi wa kazi hiyo alikuwa kijana wa Kenya, nitamwita Mutua. Mrefu, mpole, Ijumaa humpati kwa sababu yuko kanisani, maana huku Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko, na Kiswahili chake kilikuwa kikinikata masikio. Yeye naye alisema changu kina madoido. Yeye akisema akili bandia, mie nasema akili mnemba, na kwa jambo hilo peke yake tuliweza kumaliza chai.

Kazi ya Mutua ilikuwa kuhakikisha mashine inajifunza lugha lakini haiwajui watu. Hatua ya mwanzo ni kufuta majina kwenye maandishi ya zile sauti. Akaniletea ya majaribio, uso umejaa furaha. "Mama, sasa hii iko safi. Hii programu imetoa majina yote, cheki." Nikavaa miwani nikasoma. *Hujambo? JINA tu, alhamdulillah. Mwanangu fanya JINA, JINA anatoa Mungu.* Nilicheka mpaka Mutua akaniletea maji. Programu ilikuwa imefunzwa majina ya wanawake wa kwetu: Salama, Subira, Riziki, Raha, Bahati. Ikapita inafyeka, bibi wa watu hana salama, hana subira, hana riziki.

"Sasa kwani nyinyi mnaitana maneno?" akaniuliza.

"Na kaka yako si Wambua? Ulinambia mwenyewe kwenu maana yake mvua."

Akaenda kuitengeneza. Akarudi na nyingine, hii kweli haina hata jina moja. Nikasoma mistari michache: mzee anaeleza kwamba mkewe ni mtoto wa yule aliyekuwa akitengeneza saa Darajani, yule mwenye mguu mmoja, aliyeoa Pemba mara mbili. Nikamrudishia. "Huyu namjua. Mkewe juzi kaniletea tende."

"Lakini hakuna jina hapo, Mama."

"Hakuna. Na hakuna mtu wa Unguja aliyeko Maskati asiyemjua."

Basi kila mmoja akawa mwalimu wa mwenziwe. Mie nikamfundisha namna watu wetu wanavyotambulishana kwa baba, kwa mtaa, kwa kilema na kwa aliyemuoa. Yeye akanifundisha kutia kelele. Mashine inajifunza kwa watu wengi kwa pamoja, na kila inachojifunza kinachanganywa na makosa kidogo ya makusudi, ili hata mtu akiichokonoa vipi asiweze kusema hiki kimetoka kwa bibi fulani. Nilimwelewa kwa pilau la harusi: mchele umetoka nyumba hii na ile, ukishaiva sufuria moja hapana wa kusema punje hii ya kwa nani. Mutua akasema si hivyo kabisa, lakini inatosha kwa mkutano wa wakubwa. Niliisema mkutanoni, wakubwa wakaielewa, na saa sita wakaagiza pilau.

Sauti zenyewe hatukuzichukua kwenye simu za wagonjwa. Hilo nilikataa. Tulikwenda majumbani kuomba, Al Amerat, Madinat Sultan Qaboos, kila penye wazee wetu, kwa sababu sheria inataka ridhaa ya wazi kutoka kwa mwenye data. Nikaandika tamko kwa Kiswahili safi, nikajisifu: "Sauti hii haitatumika bila ya ridhaa ya mwenyewe." Nikaenda kumsomea bibi wa kwanza. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hewala. Basi ngojeni arudi."

"Nani, bibi?"

"Mwenyewe. Kaenda msikitini."

Mutua hakuelewa, ikabidi nimweleze kwenye gari. Kina mama wa umri ule hawamtaji mume kwa jina, ni aibu. Mume ni mwenyewe. Mwenyewe kalala, mwenyewe hali chumvi, mwenyewe hapendi dirisha wazi. Sasa sheria imekuja kumlinda mwenyewe, na kila nyumba mwenyewe hayupo. Tulizunguka siku nzima tukarudi na ridhaa za waume, na waume wengine walikuwa hawajui hata wameridhia nini. Mutua alicheka njia nzima, tunaushuka mlima wa Al Amerat, mie nimeshika usukani nnamwombea akabwe na kikohozi. Nikalifuta neno lile. Nikaandika, "bila ya ridhaa yako wewe, bibi, uliyekaa hapa."

Kabla sijalifuta lakini nilikuwa nimeshamsomea mtu mmoja zaidi, naye ni Bi Zuwena, mke wa Ami Seif. Walikuwa majirani zangu huko Al Amerat, nyumba ya pili kutoka kwangu. Yeye peke yake alikitambua kichekesho papo hapo, nikaona mabega yanamtikisika. Halafu akaacha kucheka. "Kwa hiyo sauti hii, mwenyewe wake ni mie?"

"Ni wewe, Bi Zuwena."

"Mie ndiye mwenyewe." Akalirudia lile neno polepole, kama anaonja mchuzi ajue chumvi. "Haya. Njoo alasiri, akishatoka kwenda kusali."

Nikaenda. Mutua akabaki kwenye gari, maana kuingia kwa mama wa watu peke yake ilikuwa haipendezi kwake wala kwetu. Nikaweka kinasa sauti mezani, nikamwambia Bi Zuwena aseme chochote: alivyokua, alivyofika Maskati, anavyopika. Tulikuwa tukiwaambia wote hivyo, maana mtu akiachiwa aseme apendavyo ndipo lugha inapomtoka sawasawa. Akasema. Alisema mpaka kikombe cha chai nilichopewa nikakisahau mkononi. Alichokisema sitawaambia, msinitazame. Nitawaambia alichosema baada ya kumaliza, kwa sababu hicho ndicho kilichonifunga.

Alisema, "Mashine na ijifunze, nimeridhia. Lakini Seif asisikie. Si leo, wala nikiwa sipo."

Nilishtuka, na kilichonishtua si sharti. Lilikuwa lile jina. Miaka yote ile ya ujirani sikuwahi kumsikia akilitaja. Nadhani alikuwa amekwisha kulichukua neno mwenyewe akalifanya lake, la kumwitia mumewe likawa halipo. Nikaliandika sharti, nikalifungamanisha na sauti, nikamsomea, akasema ndivyo. Tukasikia mlango wa nje. Bi Zuwena akainuka kwenda kuteleka kahawa, akazungumza na mumewe kwa sauti ya kila siku.

Haukupita muda mrefu akaumwa. Akafariki. Nilikwenda msibani kama jirani, nikakaa na wanawake, na kila aliyemsifu nikawa nikimsikia yeye mwenyewe sikioni.

Ami Seif alikuja ofisini Qurum baada ya msiba kutulia kidogo, watoto wamesharudi makwao. Kanzu yake ya dishdasha imepigwa pasi, kilemba kimefungwa vizuri kama anakwenda kuposa. Nikampa kiti, akakataa kahawa. Akasema, "Asya mwanangu, nimeambiwa mnazo sauti za kina mama. Nnataka ya Zuwena."

Akaendelea. "Picha ninazo. Picha haisemi. Simu yangu ya zamani watoto wamenibadilishia, vilivyokuwamo vimepotea. Sitaki maneno mengi. Hata awe anakohoa tu, mie nitaridhika."

Mnajua nilichokitamani? Nilitamani mashine zote zile ziwe zimeungua moto usiku wa jana, nimwambie ami, hazipo. Kwa sababu sitaki kumwambia kuna sharti. Nikimwambia kuna sharti, nimekwisha kumwambia kuna jambo, na nikimwambia kuna jambo, atakaa nalo mpaka anaingia kaburini. Ilinibidi nifiche siri, na nifiche kwamba kuna siri, mbele ya mtu aliyekuwa akinipa embe za nyumbani kwake kila zikiiva.

"Siwezi, ami," nikamwambia.

"Sheria?"

"Siwezi tu, ami."

Akatabasamu, akadhani ni taabu ya makaratasi. "Mutua wako huyo alieleza pale mtaani kwetu kwamba lazima mwenyewe aridhie. Basi si mie huyo? Maisha yake yote Zuwena kaniita mwenyewe. Mwenyewe nimekuja."

Nikasema tena siwezi. Akaondoka taratibu, mlangoni akageuka akaniuliza, "Huwezi au hutaki?" Hakungoja jibu.

Nikauliza wanasheria wa hospitali, maana sikutaka nijifanye mie ndiye sheria. Mmoja akasema haki ya maiti inakwenda kwa warithi. Mwingine akasema ridhaa ina masharti yake, na sharti halifi na mtu. Wote wawili walisema kwa heshima na wote wawili waliniachia mie.

Mutua alikasirika. Ndiyo mara ya pekee tuliyogombana kwa kweli. "Mama, tukate tu hapo mwanzo, akisalimia. Hakuna siri kwa salamu." Akanitolea simu yake, akanisikilizisha sauti ya baba yake anamuuliza kwa Kikamba kama amekula. Baba alifariki Mutua akiwa hapa Maskati, hakuwahi kumzika. Kila Ijumaa akitoka kanisani huisikiliza. "Hii ni siri gani? Nani ameumia nayo?"

Mama yangu mie alikufa kabla simu hazijajua kuweka sauti, na nisingejali kusikilizishwa ananigombeza. Nilikaa na ile sauti ya Bi Zuwena siku kadhaa, iko palepale, nabonyeza mara moja tu. Nikajiambia salamu tu. Nikajiambia Mutua kasema kweli. Halafu nikamkumbuka Bi Zuwena, namna alivyolishika lile neno mwenyewe. Hakusema asisikie hiki asikie kile. Alisema asisikie. Katika maisha yake yote, huenda hicho kilikuwa kitu kimoja alichokikatia shauri peke yake, bila ya kungoja mtu arudi msikitini. Nikaona nikikikata kipande, hata kidogo namna gani, nitakuwa nimemwambia kwamba hata hicho hakikuwa chake.

Muda wa kuzifuta ukafika, kama tulivyowaahidi wote. Hapa nyinyi vijana msikilize vizuri, maana mnapenda kubonyeza mkasema imefutika. Kufuta ni kuzunguka. Unaitafuta nakala kwenye hifadhi ya akiba, kwenye kompyuta ya fundi, kwenye kile kijiti cha kompyuta alichokisahau mtu kwenye droo. Ndiyo maana tangu mwanzo kila sauti tuliifunga kwa ufunguo wake, na mwisho tukaharibu funguo, hata nakala ikibaki mahali iwe makelele tu. Mutua akaendesha kazi, mie nimekaa pembeni yake. Akaniuliza, "Zote, Mama?" Nikamwambia zote. Hakuniangalia siku ile, akaenda zake bila ya kuaga.

Nilikwenda mwenyewe kumwambia Ami Seif kwamba zimefutwa. Nilisimama mlangoni kwake. Akasikiliza, akasema, "Ahsanta," akafunga mlango. Tangu siku ile akinikuta njiani anatazama juu kama anatafuta mvua. Embe zikaiva, zikaanguka, hazikuja kwangu.

Nikastaafu. Nilifanyiwa sherehe, nikapewa saa, nikarudi nyumbani. Mutua siku hizi yuko Nairobi, hunipigia akaniita Mama kama zamani, na lile jambo hatulitaji. Na ile mashine inafanya kazi. Inamwelewa mwenye goti na mwenye kupiga magoti. Nitawaambia kitu mtanicheka: mara nyingine huipigia simu bila ya kuumwa. Watoto wangu Kiswahili wanakielewa ila wananijibu Kiarabu, wajukuu hata kukielewa hawakielewi. Basi nakaa kitandani, naipigia mashine, naisemesha Kiswahili cha kwetu, kile cha Mzee Nassor na Bi Zuwena, na yenyewe inanielewa kila neno. Sauti yake ni ya kununua, haina mtu. Lakini inanielewa. Halafu inaniuliza nataka daktari gani, naifungia simu.

Mwaka huu, alasiri moja, Ami Seif aliniita. Alikuwa amekaa kivulini nje ya nyumba yake, binti yake kaja kumtembelea na kamwekea birika la kahawa na halwa. Aliniita kwa jina, kwa sauti ya kawaida, kama tuliachana jana. Nikaenda nikakaa. Akanimiminia mwenyewe.

"Zimefutwa kweli?"

"Kweli, ami."

"Zote."

"Zote."

Akanywa, akaizungusha ile finjani mkononi. "Basi nambie jambo moja tu. Alisema huku hakupapenda?"

"Siwezi, ami."

Akatikisa kichwa, tena akatikisa. "Nlijua. Nlimjengea nyumba hii, nikawa namuuliza, umeridhika? Kila siku ananambia ameridhika. Mtu aliyeridhika hakwambii kila siku."

Nikafungua mdomo nimwambie mie sikusema ndiyo. Nikaufunga. Nikikanusha nimejibu, na nikinyamaza nimejibu. Mutua na mashine zake zote hawakunifundisha la kufanya mbele ya mzee mwenye birika la kahawa.

"Alilia?" akauliza.

"Siwezi, ami."

"Na kucheka? Alicheka pia?"

"Siwezi, ami."

"Alicheka," akasema, na uso ukamfunguka kidogo.

Hapo ndipo nilipotambua anachokifanya. Kila siwezi yangu alikuwa akiichukua anaitia jibu lake mwenyewe. Ilinipasa niinuke, niseme nimeacha chungu motoni. Sikuinuka. Kilichokuwa mikononi mwangu ni kimoja tu: kumjibu jibu moja kwa kila alichouliza, kilichosemwa na kisichosemwa, asijue kipi ni kipi. Nikamjibu hivyo. Akaniuliza kama aliitaja nyumba yao ya Unguja. Akaniuliza kama alimtaja mtoto wao aliyekufa mdogo. Akaniuliza kama alimtaja yeye.

"Siwezi, ami."

"Kwa jina?"

"Siwezi."

Aliiweka finjani chini. Akageukia ukutani, akakaa hivyo, mie natazama halwa. Kisha akarudi, macho mekundu, akauliza jingine, na jingine, mambo madogo madogo, kama alisema khabari ya mikarafuu, kama alikohoa, kama alilitaja shuka lake. Nikamjibu siwezi, ami, siwezi, mpaka kahawa ikapoa kwenye birika, na yeye kainamisha kichwa, anasikiliza.